Wa Kunitwika

Saa kumi jioni wageni walikuwa bado hawajafika, na Mektrida alikuwa ameshaifunua na kuifunika sufuria ya ndizi za machalari mara sita. Ndizi zilianza kuvunjika. Nyama ya mbuzi ilikuwa tayari tangu saa saba. Uani kulikuwa na viti arobaini vya plastiki vya kukodi, na kwenye viti hivyo walikaa wanaukoo kumi na wawili waliovaa nguo za kanisani, macho yote kwenye barabara inayopanda Kibosho kutoka mjini Moshi. Kila pikipiki iliponguruma kwenye kona walikaa sawa, ikipita wakalegea tena.

Wenseslaus, mumewe, alisimama barazani ndani ya koti zito alilofungia ndoa. Ni mtu mpole, na upole wake una kasoro moja: huamini kwamba jambo baya lisipotajwa litachoka lenyewe na kuondoka. "Huko chini barabara ina matope," aliwaambia wazee. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu. Wazee waliitikia kwamba kweli, matope ya huko chini ni mabaya.

Chumbani alikaa Evelyn, binti aliyekuwa anaposwa, miaka ishirini na mitano, kwenye kitanda cha wazazi wake ili asikunje gauni. Kitambaa cha gauni hilo alipewa zawadi na Mama Nargis, mwenye duka la vitambaa mjini ambako Evelyn anauza. Simu ilikuwa mapajani, na hakuigusa. Alikuwa ameshampigia Ronald, mchumba wake, mara nne.

Saa kumi na moja kasoro simu ya Wenseslaus iliita. Aliyepiga alikuwa mshenga. Wenseslaus alisikiliza akisema ndiyo, ndiyo, aha, ndiyo, kisha akaitia simu mfukoni na kuingia jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Hawaji," alisema.

"Leo hawaji, au hawaji?"

"Wazee wa kule wameona wasubiri kwanza. Wamesikia habari za afya."

Mektrida aliuweka mwiko chini. Habari za afya. Duniani kulikuwa na watu wanne tu waliokuwa wanajua kwamba Evelyn ana kifafa: yeye, mumewe, Evelyn mwenyewe, na Genoveva. Binti alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, huko migombani, na Genoveva ndiye aliyemshika kichwa kisigonge jiwe. Ndiye aliyesaidia kumbeba hadi barabarani. Tangu hapo ni vidonge kila jioni, na mwaka wa tatu huu hajaanguka. Kwa miaka kumi na moja siri ile ililala kwa watu wanne bila kugeuka ubavu.

Genoveva ni rafiki wa Mektrida, jirani wa kihamba cha pili, shamba la migomba linalopakana na lao. Pia ni shangazi yake Ronald; baba wa kijana, Rogath, ni kaka yake wa tumbo moja. Ijumaa alishinda jikoni hapa akimenya ndizi. Leo Jumamosi hakuonekana, alituma ujumbe kwamba kichwa kinamuuma. Mektrida alikuwa amemwonea huruma.

Mbege ya posa, ile pombe ya ndizi, huletwa na wageni, lakini mwenyeji naye hawezi kuwapokea wakwe mikono mitupu, kwa hiyo kulikuwa na pipa zima lililopikwa nyumbani. Mbege haina subira. Kesho yake ingechachuka. Wenseslaus alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyomfikiria bintiye, kisha akatangaza kwamba watu wanywe. Walikunywa kimyakimya, kata ikizunguka kama kwenye msiba. Mwenye viti alikuja kuvichukua kabla wanywaji hawajaondoka, akawa anawasimamisha mmoja mmoja. Bibi mmoja wa ukoo alifungasha nyama kwenye mfuko wa nailoni, akamwambia Mektrida kwa huruma, "Nimebeba kidogo tu, mwanangu, chakula cha watu kisitupwe."

Kisha akaongeza alilokuwa analitafuna tangu saa kumi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

* * *

Jumapili baada ya misa ya kwanza Mektrida alipita njia ya migombani kwenda kwa Genoveva. Njia hiyo ilikuwa yao wawili. Wanaume walizunguka barabarani, watoto walipita popote, lakini wao kwa miaka ishirini na sita walikuwa wamekanyaga hapo asubuhi na jioni mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu.

Genoveva alikuwa jikoni kwake, hajaenda kanisani. Alisimama alipomwona.

"Karibu, mae."

Mbele za watu waliitana Mama Evelyn na Mama Tito. Wakiwa wawili tu waliitana mae, kama mtu anavyomwita mama yake. Mektrida hakukaa.

"Ni wewe?"

Genoveva angeweza kuuliza ni nini hicho. Hakuuliza. "Ni mimi," alisema.

Usiku kucha Mektrida alikuwa amejiandalia majibu ya kila uongo utakaosemwa. Maneno yale mawili yalimwacha hana la kufanya na mikono yake. Akaishika meza.

"Kwa nini?"

"Walinikalisha Alhamisi, kaka Rogath na wazee watatu. Kaka akaniambia, wewe ni shangazi wa mtoto, na nyumba ile unaingia bila hodi. Tunakuuliza, kuna ugonjwa? Aliuliza mara moja tu, mae, kisha akanyamaza ananitazama."

"Ungesema hujui."

"Kaka yangu ananijua nikidanganya."

"Miaka kumi na moja umewaambia watu wote hujui!"

"Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza." Genoveva alijipangusa uso na ncha ya kitenge. "Na Evelyn angeanguka siku moja kwenye moto wa jikoni kule, wangesema shangazi alijua. Ronald naye ni mwanangu. Nilikuambia mwezi wa tatu, tukiwa bondeni. Nilikuambia waambieni wenyewe mapema, msingoje kuulizwa. Ukasema akishaolewa watajua."

Ilikuwa kweli. Mektrida alikumbuka mpaka mahali walipokuwa wamesimama, na mundu wa nani ulikuwa mkononi. Ukweli ule ulimuudhi kuliko matusi. Mtu akikukosea na wewe una kosa lako ndani yake, hasira haina pa kukaa ikatulia.

"Sawa," alisema. "Alhamisi uliulizwa, ukajibu. Na Ijumaa?"

Genoveva aliinamisha kichwa.

"Ijumaa ulikaa kwangu kutwa nzima. Ulikaa kwenye kigoda changu ukamenya ndizi. Ulicheka na Evelyn. Ulimshonea kifungo. Ulikuwa unawamenyea ndizi watu uliojua hawaji!"

"Nilitaka kusema."

"Lini?"

"Kila ndizi nilisema nikimaliza hii nasema. Nikimaliza hii nasema. Zikaisha, mae."

"Usiniite mae," alisema Mektrida. Alitoka, akarudi kwake kwa kuzunguka barabarani, kama wanaume.

* * *

Wanawake wa mlimani hawalishi ng'ombe kwa kuwapeleka machungani. Ng'ombe amefungwa bandani, na majani humfuata kichwani mwa mama wa nyumba. Mektrida na Genoveva waliyakata bondeni, kando ya mto, mwendo wa nusu saa kushuka na karibu saa nzima kupanda. Kukata si kazi. Kazi ni kutwika. Mzigo wa majani mabichi unaomtosha ng'ombe mwenye ndama huwezi kuuinua peke yako ukaufikisha kichwani. Lazima awepo mtu wa upande wa pili. Ukishatwikwa wewe, unamsaidia mwenzako kwa mkono mmoja huku mwingine umeushika mzigo wako, naye anapiga goti na kusukuma kwa shingo. Wa mwisho ndiye anayeumia. Kwa hiyo walipokezana, leo wewe kesho mimi, na kwa miaka ishirini na sita walibishana kila siku kuhusu zamu ya jana, wakacheka mpaka wakakosa nguvu za kuinua.

Sasa Mektrida alishuka peke yake, saa nane mchana, jua likiwa kali, ili asikutane na mtu. Siku ya kwanza alifunga mzigo wa kawaida kwa mazoea, akapiga goti, akaita, "Haya, mae." Akabaki amepiga goti. Kisha akaufungua, akapunguza, akapunguza tena, mpaka ukabaki mzigo wa mtoto wa shule. Ilimbidi ashuke mara mbili. Baada ya wiki moja goti la kushoto lilivimba. Baada ya wiki mbili maziwa yalipungua kutoka lita saba hadi nne, na Wenseslaus akauliza, kwa upole wake, kama ng'ombe anaumwa.

"Ng'ombe haumwi," alijibu Mektrida.

Wenseslaus alisema angeangalia bei ya mabua ya mpunga kutoka Mabogini. Hakuiangalia.

Yalikuwepo mengine ambayo hakumwambia mtu. Mkono wake ulikuwa ukiokota simu na kuipiga namba ile kabla kichwa hakijakumbuka. Siku katekista alipokosea tangazo na kuwaombea kama marehemu maharusi waliokuwa wamesimama mbele yake wakiwa hai, kanisa zima lilicheka. Mektrida akageuka kushoto, na kushoto palikuwa na nguzo. Alirudi nyumbani na kicheko chake kizima, hakuwa na wa kumpa. Jumuiya iliposali kwa Genoveva hakwenda. Ilipokuwa zamu ya kwake, Genoveva hakuja. Wanawake walitazamana juu ya vitabu vya nyimbo. Njia ya migombani ikaanza kuota majani. Mwezi wa pili tangu siku ile yalifika kwenye vifundo vya miguu.

Jioni moja Evelyn alirudi kutoka dukani akamkuta mama yake jikoni amekaa gizani, hajawasha taa, hajabandika chochote. Evelyn alijimiminia maji na kumeza kidonge chake. Tangu siku ile hakujificha tena akikimeza.

"Mama, ni mimi niliyeachwa," alisema. "Mbona wewe ndiye usiyekula?"

"Yule mwanamke amekuharibia maisha."

"Ronald alikuwa anajua."

Mektrida aligeuka.

"Nilimwambia mwaka jana, kabla hata hajaja kwetu. Akasema haidhuru. Wazee walipokalishana, yeye alikuwa hapo, mama. Alikuwa amekaa kwenye kona. Angesema neno moja. Hakusema." Evelyn aliiweka glasi taratibu. "Shangazi yake aliulizwa akajibu. Ronald hakuulizwa, akanyamaza. Mimi namlilia Ronald, na nitamaliza. Wewe unamlilia nani?"

Mektrida alifungua mdomo aseme nakulilia wewe. Haikutoka, kwa kuwa haikuwa kweli yote. Alikuwa anamlilia Genoveva, na aliona aibu. Mume akifa, watu hulala kwako siku tatu, wanakupikia, wanakushika mkono. Mama akifa, kazini wanakupa ruhusa. Rafiki akikutoka angali hai, yuko kihamba cha pili na moshi wa jiko lake unauona, hakuna anayekuletea hata kikombe cha chai. Unakaa msiba peke yako, tena kimya, kwa sababu ukiulizwa nani amefariki huna jibu.

"Washa taa," alimwambia binti yake. "Nibandike ugali."

* * *

Alhamisi moja, mwezi wa tatu tangu posa ivunjike, alipanda kutoka bondeni na mzigo wake wa pili, akakuta kwenye meza ya barazani kata mbili tupu na dumu la mbege lililobakia robo. Juu ya mlango, kwenye ufa wa mbao, palikuwa pamechomekwa jani refu la isale lililofungwa fundo.

Kila mtu wa mlimani analijua isale. Ndilo linalopandwa mipakani, na ndilo linalobebwa na aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Aliyekosewa akiletewa isale hulipokea, hata kama alikuwa ameapa. Isale halikataliwi. Anayelikataa, au anayelipokea kisha akaendelea kuweka kinyongo, wazee husema mabaya humrudia nyumbani kwake, kwa watoto wake.

"Nani alikuja?" aliuliza Mektrida, mzigo ungali kichwani.

Wenseslaus alikuwa na furaha, na mbege ilikuwa imemsaidia kuwa nayo. "Basili. Amekuja kiume, na isale mkononi. Amesema mkewe ameikosea nyumba yangu. Tumezungumza vizuri. Yamekwisha."

"Genoveva alikuwepo?"

"Mume wake alikuwepo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Bondeni."

Mektrida aliuangusha mzigo pale pale uani. Ng'ombe aliunusa kwa mbali akalia. "Baba Evelyn. Alikukosea wewe?"

"Aliikosea nyumba."

"Nyumba ndiyo iliyokuwa inakata naye majani miaka ishirini na sita? Nyumba ndiyo iliyolala naye hospitali mama yangu alipokuwa anakufa? Mmekaa hapa wanaume wawili na dumu, mkasameheana mambo ambayo hamyajui hata yana umri gani!"

"Isale halikataliwi, mama."

"Hakuna aliyenipa nafasi ya kulipokea!"

Wenseslaus aliutazama mlango, akashusha sauti. Hofu ilimtoa ulevi. "Usiseme hivyo chini yake. Tuna mtoto mgonjwa humu ndani."

Hapo ndipo alipommaliza. Mektrida alikuwa Mkristo wa misa ya kwanza, lakini alizaliwa mlimani, na jani lile lilikuwa juu ya mlango anaopita Evelyn. Aliokota majani yaliyotawanyika, akampa ng'ombe.

Habari zilimtangulia kanisani. Jumapili walimpongeza mlangoni, hongera Mama Evelyn, tumesikia mmepatana, Mungu ni mwema. Bibi yule wa mfuko wa nailoni alimkumbatia. Ilipofika wakati wa kupeana amani, watu wa benchi lake walijisogeza kabisa wakaacha nafasi, na upande wa pili nao wakamsukuma Genoveva, mpaka wakakutana wawili katikati kama watoto waliopigana wakasuluhishwa na mwalimu. Walishikana mikono. Mkono wa Genoveva ulikuwa na sugu zilezile, na ulikuwa wa baridi.

"Amani," alisema Genoveva.

"Amani, Mama Tito," alisema Mektrida, na kina mama waliokuwa karibu wakapangusa machozi kwa furaha.

* * *

Jumatatu alishuka bondeni saa kumi badala ya saa nane. Alijiambia ni kwa sababu ya jua.

Genoveva alikuwa kando ya mto, ameshakata. Mbele yake kulikuwa na mzigo mdogo, wa mtoto wa shule. Mektrida aliutazama, na jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika miezi yote ile likamjia: kwamba na huyu naye alikuwa akishuka mara mbili.

Walikata bila kusema, huku mmoja na kule mwingine, miundu ikipokezana sauti. Mwishowe Mektrida aliketi juu ya jiwe akalinyoosha goti.

"Isale ulilituma wewe?"

"Basili alilipeleka. Mimi nilijua aliporudi, ananuka mbege, anachekacheka." Genoveva aliendelea kukata. "Mimi nililikata mara mbili. Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye mgomba wenu wa kwanza. Mara ya pili nilifika uani, nikasikia unamwita kuku. Nikarudi."

"Ungeingia."

"Isale halikataliwi, mae. Ungenipokea hata kama hutaki. Na mimi maisha yangu yote nisingejua."

Kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani, wawili na mto, na mtu mwingine yeyote duniani yuko mbali. Angeweza kuliacha hapo. Wengi wangeliacha.

"La posa nimekusamehe," alisema. "Si kwa isale. Nilikusamehe kabla. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyeficha."

"Na la Ijumaa?"

Mektrida aling'oa jani, akalikunja vidogovidogo. "La Ijumaa sijui la kulifanya. Nimejaribu. Nimelisalia. Nikikutazama nakuona kwenye kile kigoda, unamenya, unacheka. Ulicheka vizuri, Geno. Sikuona kitu. Mimi niliyesema nakujua kuliko mume wangu, sikuona kitu. Sasa kila utakapocheka nitakuwa najiuliza leo amebeba nini."

"Nitakuwa nakuambia kila kitu."

"Najua. Na mimi nitakuwa nakuhesabia maneno. Siwezi tena kukuambia jambo langu likatulia. Na rafiki usiyeweza kumwambia jambo ni jirani."

Genoveva aliacha kukata. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye mjukuu Dar es Salaam, na alilia kama watu wanavyolia shambani, amesimama, bila kujifunika uso, mundu mkononi. Mektrida naye alilia. Hawakusogeleana.

"Basi tuwe majirani," alisema Genoveva alipoweza.

"Tuwe majirani."

Jua lilikuwa limeanza kushukia upande wa Kwa Sadala, na mizigo ilikuwa mikubwa. Walikuwa wameyakusanya majani yao bila kupunguza, kila mmoja mzigo wa zamani, kwa sababu mikono ikiwa na mwenzake haisahau kipimo. Mektrida alikuwa amefunga wake kabla ya kugundua. Alisimama, akauendea mzigo wa Genoveva, akashika upande wa pili.

"Haya," alisema.

Waliinua. Genoveva, ambaye ngata alikuwa ameshaiweka kichwani, akausimamisha mzigo sawa, akageuka. Mkono mmoja aliushikia mzigo, mwingine akaunyoosha mbele, kiganja wazi, akisubiri. Ilikuwa zamu ya Mektrida kutwikwa. Ndivyo walivyofanya siku zote, na Genoveva alisimama vile kana kwamba mkono ule ukikaa hewani muda wa kutosha miezi mitatu itarudi nyuma.

Mektrida aliutazama. Aliutaka. Goti lilikuwa linamuuma, na kilima kilikuwa kirefu.

"Tangulia, Mama Tito," alisema. "Utachelewa kukamua."

Mkono ulibaki hapo kidogo, kisha ukashuka. Genoveva alipanda polepole bila kugeuka, na mwenye mzigo wa majani hawezi kugeuka hata akitaka. Mektrida alimsindikiza kwa macho mpaka yakabaki majani matupu yanayotembea, kisha yakaingia migombani. Akapiga goti. Akafungua kamba, akaugawa mzigo mara mbili, akajitwika nusu ya kwanza. Nusu nyingine aliifunika kwa jani la mgomba isinyauke, kwa sababu ilimbidi airudie kabla giza halijaingia.